Bukari Ingoje, Mtoto Amalize Neno Lake

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumanne moja ya mvua nilipompiga mdogo wangu mdomoni kwa mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu wa huku. Alikuwa na miaka minne. Kosa lake lilikuwa kwamba neno lilimkwama, akairudia sauti moja mara tano, mara sita, na sisi tulikuwa na njaa.

Nimeanza hapo makusudi, usije ukadhani anayekukemea ni mtu asiye na doa. Maana leo nitakukemea. Jumapili iliyopita nilialikwa mtaa wa Bel-Air kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza, na niliyoyaona pale yameninyima raha juma zima. Kijana mmoja, baba wa watoto wawili, amevaa vizuri, amesoma kuliko mimi mara kumi, alichukua mikrofoni akamwekea mdomoni mtoto wake wa miaka mitatu na nusu. "Sema jina lako! Sema, bageni basikie!" Mtoto akaanza. Jina likakwama. Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akawageukia wageni, akamwigiza mwanawe: "Ka-ka-ka-ka!" Simu zikainuliwa kumpiga picha. Mtoto akazitazama zile simu, kisha akatazama viatu vyake.

Kilichofuata nitakuambia mbele. Kwanza nikueleze kwa nini niliinuka kwa hasira hata nikamwaga soda juu ya kitambaa cha mwenye sherehe.

Sisi tulizaliwa watatu. Mimi wa kwanza, Ngoy wa pili, Adela wa mwisho. Baba yetu alikuwa fundi wa reli, mtoto wa fundi wa reli, na ukoo wetu ulitoka upande wa Mitwaba. Baba alifariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, niko mwaka wa pili wa sekondari. Nilikunja sare yangu, nikaiweka chini kabisa ya sanduku, sikuivaa tena. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Ngoy alikuwa na kumi na mmoja, Adela alikuwa ndiyo kwanza ametimiza minne, na mtu alipaswa kuwasha makaa asubuhi.

Nikaenda kujifunza kushona kwa Papa Kabeya, mzee aliyetoka Kasai akiwa kijana na kuzeekea hapa kwetu Lubumbashi. Alikuwa na mashine tatu barazani pake, yeye kwenye moja, mwanafunzi mmoja kwenye ya pili, na ya tatu ikawa yangu. Jioni nilirudi nyumbani, nikasonga bukari, tukala.

Sasa sikiliza desturi ya nyumba yetu, maana shida ilipitia hapo. Katika nyumba nyingi za Wakatoliki, baba ndiye husali kabla ya kula. Kwetu baba aliamua aliye mdogo kuliko wote ndiye asali, mara tu anapojua kuunganisha maneno. Mimi niliisali sala hiyo, kisha Ngoy akaipokea, kisha ikawa ya Adela. Ilikuwa fupi: "Baba Mungu, bariki bukari hii, bariki aliyeipika, na umkumbuke asiye nayo." Basi. Ilikuwa ni sala ya fundi wa reli mwenye njaa.

Baba na mama walipokwisha kwenda, nilijiapia kwamba sala ile haitapotea. Ndugu walikuwa wamekwisha kuchukua kitanda, redio na baiskeli. Sala hawangeweza kuibeba. Nikaishika kwa mikono miwili, na kwa mikono hiyo hiyo nikamkaba mtoto.

Adela alikuwa ameanza kugugumia kabla mama hajafa, alipokuwa na miaka mitatu. Maneno yalimjia mengi kwa pamoja, na sauti ya kwanza ilijirudia au ilizibika kabisa, midomo imekazana, sauti haitoki. Siku nyingine hakugugumia hata kidogo. Siku nyingine kila neno lilikuwa mlima. Na sala yetu ilianza na neno Baba.

"Ba-ba-ba-ba..."

"Anza upya," nilimwambia. "Pole pole. Vuta pumzi."

"Ba-ba-ba-ba-ba..."

"Adela! Unatuchezea? Anza."

Ngoy alikuwa amekwisha kunawa mikono, ameinyoosha juu ya sahani kama daktari. Waliniita Yaya, maana mimi ndiye mkubwa wao. "Yaya, bukari inakuwa jiwe. Mungu alisikia, tukule."

"Hatukuli. Papa yetu alisemaka nini? Bila sala, hakuna mukono mu sahani."

"Basi bazimishe ile mashine ya Papa Kabeya," Ngoy akasema, "ta-ta-ta-ta-ta!" Akacheka. Na mimi, mwanangu, nilicheka kidogo. Adela alinitazama mimi, si Ngoy. Tangu siku hiyo jina lake nyumbani likawa Mashine.

Ikawa hivyo kila jioni. Nilimrudisha mwanzo mara tatu, mara nne, mpaka mboga za lengalenga zinapoa na bukari inafanya ngozi ngumu juu. Kadiri nilivyomrudisha ndivyo alivyokwama zaidi. Akaanza kufumba macho kwa nguvu kila anapofungua mdomo. Akaanza kusema ameshiba kabla sahani haijafika mezani. Mtoto wa miaka minne, tangu asubuhi amekunywa uji tu, anasema ameshiba! Nami sikuelewa. Nilidhani ni kiburi. Nilidhani nikilegea watu watasema watoto wa marehemu hawana wa kuwalea.

Ndipo jirani mmoja, mama mtu mzima, akanipa dawa tukiwa bombani tunateka maji. "Mupige ku mudomo na mwiko ya bukari, ikingali na moto. Mara moja tu. Ulimi itashituka, itanyooka. Dada yangu alifanya vile ku mutoto wake, leo anasema kama radio."

Jumanne ile nilikuwa nimeshinda nikifumua suruali niliyoiharibu mwenyewe, mvua ilikuwa imelowesha makaa, na Ngoy alikuwa amepigana shuleni. Adela akaanza, "Ba-ba-ba," na mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu.

Hakulia. Hilo ndilo lisiloniondoka. Aliweka mkono mdomoni akabaki ameuweka, unga wa bukari umemshika shavuni, akinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alishaniona wapi. Sala niliisali mimi. Tulikula bukari ya moto kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nilifikiri nimeshinda.

Kesho yake Adela hakusema neno. Wala kesho kutwa. Alitaka maji, akaonyesha kikombe. Alitaka kwenda chooni, akanivuta nguo. Juma likaisha. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamletea kipande cha mua. Hakusema. Juma la pili nikamsikia nyuma ya jiko. Alikuwa amekaa chini ya nguo zilizoanikwa, akiongea na kidoli nilichomshonea kwa vitambaa vya Papa Kabeya. Alikuwa akisema sentensi nzima nzima, ndefu, bila kukwama hata mahali pamoja. Kidoli hakikuwa na haraka naye. Aliponiona akafunga mdomo, akakilaza kidoli kifudifudi.

Wakati huo huo shangazi yetu akafika kutoka Mitwaba, dada yake baba, kwa ajili ya siku ya kumaliza kilio cha mama. Alileta mihogo mikavu na maharage, na alikuja na mamlaka yote ya ukoo, maana sisi tulikuwa watoto wa kaka yake na yeye ndiye aliyekuwa amebaki. Siku moja ilimtosha kumwona Adela.

"Huyu mutoto hasemi?"

"Alikuwa anasema, Shangazi. Aliacha."

"Aliacha tangu wakati gani? Na mama yenu alikufa na nini? Muliuliza?" Akamtazama Adela kwa pembeni. "Mutoto anaanza kugonga-gonga maneno, baba anakufa. Anaendelea, mama anakufa. Sasa ananyamaza. Anangoja nani?"

Mwanangu, wewe unaishi hapa na unajua maneno kama hayo huishia wapi. Hakulitamka neno ndoki, yaani mchawi, lakini sote wawili tulilisikia. Aliijua nyumba moja ya maombi ambako watoto wa namna hiyo walifungiwa siku tatu bila kula, wakiombewa ulimi ufunguke. Akasema atampeleka huko. Na nikikataa, atambeba hadi Mitwaba, akalelewe na watu wazima.

Nikuambie ukweli wa aibu? Nilikaribia kukubali. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sijalala vizuri tangu tulipomzika mama, na kama Adela alikuwa amefungwa na pepo, basi kosa halikuwa langu. Unaona jinsi uongo unavyokuwa mtamu? Ulinifaa. Asubuhi nikaenda kumwomba Papa Kabeya ruhusa.

"Ruhusa ya siku tatu? Juu ya nini?"

"Shangazi anataka tumupeleke Adela ku nyumba ya maombi, Papa. Atakaa mule bila kula, bamufungue ulimi."

Akaweka kiganja juu ya gurudumu la mashine, ikasimama. "Iko na miaka ngapi?"

"Mine."

"Na ulimi, nani aliifunga?"

Nikajaribu kumweleza habari za baba na za mama. Akauliza tena, sauti ile ile. "Minauliza, nani aliifunga?" Nikamwambia habari ya mwiko.

Papa Kabeya alikuwa mtu mpole. Hata wateja waliomdanganya aliwasindikiza hadi njiani. Siku ile alisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma yake, na watu wawili waliokuwa wakingoja nguo zao wakageuka.

"Siku ya kwanza ulifika hapa, ulivunja sindano ngapi?"

"Tatu, Papa."

"Uliharibu suruali ya nani?"

"Ya katekista."

"Mi nilikupiga na makasi ku bidole?"

"Hapana, Papa."

"Nilikufungia siku tatu bila kula?"

"Hapana."

"We unajifunza suruali, ninakungoja. Yeye anajifunza kusema, kazi kubwa kupita ya suruali, na we unamupiga pale pale anafanyia kazi! Sasa unataka bamunyime na chakula, juu ya kidonda uliweka we mwenyewe!"

Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Aliinua kiti chake, akakaa, akauvuta uzi kwenye sindano, akauvuta tena, ingawa ulikuwa umekwisha kupita.

"Uliona mutoto wangu mukubwa," akasema, "ule anakuyaka hapa ku Noeli na bibi yake?"

"Nilimuona, Papa."

"Ulisikia sauti yake?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimewahudumia chai siku hiyo. Mke ndiye aliyeongea mwanzo hadi mwisho. Papa, bwana yangu anakusalimia. Papa, bwana yangu anauliza kama mugongo ilipona. Na huyo bwana alikuwa amekaa palepale, kiti kwa kiti, ameshika kikombe.

"Mi njo nilifanya vile," akasema Papa Kabeya. "Nilikuwa namuambia arudilie. Mbele ya bageni, mbele ya bandugu zake. Rudilia, sema muzuri, uko mwanaume. Nilifikiri namufundisha. Leo ni muntu muzima, iko na batoto, na anatuma bibi yake aniulize kama nililala muzuri." Akakanyaga mashine, ikaenda kidogo, akaisimamisha. "Sikumupiga hata siku moja. Mudomo yangu ilitosha. We uko na bahati, wako iko na miaka mine. Rudia nyumbani."

"Nifanye nini, Papa?"

"Mama yenu alikuwa anafanyaka nini?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilipoulizwa ndipo nikamwona mama amepiga magoti penye jiko, Adela amesimama mbele yake anahangaika na neno. Mama anaweka kisu chini. Anaacha mchicha. Anamtazama usoni tu, kana kwamba siku nzima alikuwa hana kazi nyingine ila kungoja neno hilo moja. Likitoka, anajibu kile alichoambiwa. Hasemi pole, hasemi umeweza. Mtoto amesema kuku ameingia ndani, mama anasema, "Ee? Mufukuze, basi."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote, na nilikuwa nayo nyumbani, nikaenda kuiuliza bombani.

Nilimkuta shangazi akichambua maharage. Nikapiga magoti, maana ndivyo tulivyolelewa, lakini nilichosema hakikuwa cha kupiga magoti. "Shangazi, Adela hakufungwa na kifo cha mama, hakufungwa na pepo. Ni mi. Nilimupiga na mwiko ku mudomo."

"Unamukinga juu ya huruma."

"Namukinga juu mi njo nilikosa."

"Mutoto wa juzi, utanifundisha mi mambo ya ukoo?"

"Hapana, Shangazi. Lakini Adela hatoki. Kama ni lazima kubeba muntu, unibebe mi."

Akarudi kwenye maharage yake. "Siku ya kumaliza kilio jamaa yote itakuwa hapa," akasema. "Kama hasemi, ninamubeba. Sitauliza tena."

Zilibaki siku nne. Mwanangu, unajua nilivyotamani kumshika yule mtoto mabega na kumwambia sema, sema, la sivyo watakuchukua? Kila saa nilitamani. Sikufanya. Nilimwita tu nje, nikapiga magoti mbele yake kama mama, nikamwambia maneno machache: "Adela, nilikupiga. Nilifanya vibaya. Maneno yako hayana makosa. Hata yakikwama, nitangoja." Akanitazama. Nikamkataza Ngoy lile jina la Mashine, na Ngoy akakubali mara moja, maana naye alikuwa ameanza kuogopa ule ukimya.

Na sala nikaibadilisha. Baba anisamehe, lakini nadhani angefanya vivyo hivyo. Tukawa tunaisali wote kwa pamoja, pole pole, mimi, Ngoy, shangazi, na Adela akitaka. Asipotaka, aache. Bukari niliifunika kwa sahani ya pili ili isipoe. Jioni ya kwanza midomo yake haikusogea. Jioni ya pili ilisogea bila sauti. Jioni ya tatu nikasikia sauti ndogo chini ya sauti zetu, imeshika mkia wa sala, "asiye nayo." Hakuna aliyemtazama. Nilimkanyaga Ngoy mguu chini ya meza ili asishangilie.

Siku ya nne, kesho yake jamaa wangekuja, nilikuwa nimeinamia jiko. Nilikuwa nimeweka sufuria motoni, nikageuka kumjibu shangazi neno la viti vya wageni. Nyuma yangu nikasikia:

"Ya-ya-ya..."

Nikageuka. Adela alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kidole kimenyooka, macho ameyafumba.

"Yaya, bu-bu-bu-bu..."

Moshi ulikuwa umeanza kupanda. Nilijua anachotaka kusema. Harufu ilikuwa imekwisha kunifikia, na mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kummalizia neno, nikageuka, nikaokoa chakula. Niliuweka mwiko chini. Nikakunja magoti, nikamtazama usoni, nikangoja. Shangazi alisimama nyuma yangu na kiti mkononi, naye akangoja.

"Bu-bu-bukari i-inaungua, Yaya."

"Ee?" nikasema. "Kumbe! Asante. Tuitoshe ku moto, basi."

Iliungua kweli, mwanangu. Chini yote ilikuwa nyeusi. Tuliila hivyo hivyo, na Adela alikula sehemu mbili. Shangazi alitafuna kwa muda mrefu, akameza, akasema, "Iliungua kidogo, lakini inakulika." Habari ya nyumba ya maombi na habari ya Mitwaba hakuzitaja tena, kesho yake mbele ya jamaa wala siku yoyote mpaka alipokufa.

Adela hakupona siku ile kama kwenye visa vya kanisani. Aligugumia miaka yote ya shule, akapungua, akarudia, akapungua. Leo ni mama mwenye duka la vitambaa mjini, na neno bado humkwama, hasa majina ya watu. Wateja wake wanangoja. Wasiotaka kungoja anawaacha waende, na wengi hurudi.

Jumapili ile Bel-Air alikuwa amekaa karibu nami. Nilipokuwa ninainuka kwa hasira na soda imemwagika, yeye alikuwa ameshafika. Alimwondolea yule baba mikrofoni mkononi bila kuomba, akaizima, akaiweka juu ya meza.

"Tantine, tunacheka tu!" yule kijana akamwambia Adela. "Ni mutoto wangu!"

"Njo maana," nikamjibu mimi kutoka nilipokuwa, na nilisema kwa sauti kubwa, wala sijuti. "Ni mutoto wako, na ulimuuza kwa bageni kwa kicheko! We ukikosa njia na motokari yako, tukukamate picha?" Zile simu zikashuka moja moja.

Adela hakutusikiliza. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto, na nguo yake nzuri inagusa vumbi. "Mi ni A-a-a-Adela," akamwambia. "Na we?"

Mtoto akamtazama mdomo kwa mshangao mkubwa, kama aliyekutana na mtu wa kijiji chake mbali na nyumbani. "Ka-ka-ka-ka..." Akakwama. Adela hakusogea. Na safari hii hakuna aliyecheka. "Ka-Kasongo."

"Kasongo," Adela akasema. "Ile jina ni n-nzuri."

Baba yake alikuwa ameshika kiti kitupu kwa nyuma. Sikumwonea huruma, lakini nilimwelewa. Nilikuwa nimeshika mwiko namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliye baba, wewe uliye mama, na wewe yaya uliyeachiwa wadogo ukiwa bado mdogo. Kigugumizi si kiburi cha mtoto, si ujinga, si mkosi, wala hakikuletwa na marehemu. Hukukileta wewe kwa malezi yako, kwa hiyo acha kutafuta wa kumlaumu. Lakini hofu ya kusema, hiyo waweza kuileta wewe, kwa jioni moja tu. Mtoto akikwama, acha kazi ya mikono, mtazame usoni, ngoja. Usimmalizie neno, ni lake. Usimwambie vuta pumzi, usimwambie pole pole, hayo nilimwambia mimi na hayakumsaidia kitu. Punguza mwendo wa maneno yako wewe mwenyewe, naye ataona kwamba hakuna anayemkimbiza. Jibu alichokisema, usijibu namna alivyokisema. Ukiona ameumia kwa kukwama, mwambie wazi kwamba neno hilo lilikuwa gumu na si kitu, maana jambo likifichwa mtoto hulidhani ni la aibu. Usimsimamishe mbele ya wageni. Wakataze ndugu zake majina ya kejeli, na uanze na mdomo wako. Mpe kila siku dakika chache ambazo ni zake peke yake, bila simu yako mkononi.

Wadogo wengi wanaoanza hivyo huacha wenyewe. Lakini ukiona miezi inapita, au anafumba macho na kukaza shingo, au ameanza kunyamaza, nenda hospitali ukaulize ni nani anayetibu usemi wa watoto. Uliza mara ya pili wakikujibu hawajui. Kuomba, omba, mimi naomba kila siku. Ila mtu yeyote akikuambia umnyime mtoto chakula ili ulimi wake ufunguke, mbebe mtoto wako, ondoka, na wala usiagane na mtu huyo.

Mimi sina cheti. Nina mwiko tu, na bado ninao, umechakaa, ninasongea bukari mpaka leo. Kila ninapoushika nakumbuka shavu lenye unga.

Mungu akupe masikio kabla ya mdomo, mwanangu. Akupe magoti ya kupiga mbele ya mtoto wako bila kuona haya. Nyumba yako isikose chakula, wala sahani ya pili ya kukifunikia. Na uzeeni, wanao wakija kukutembelea, waongee na wewe wenyewe, kwa sauti zao, kwa muda wote watakaouhitaji. Amina.